Mnunuzi wa shamba la mteja wetu ni baba yangu mdogo

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti ninayesoma mwaka wa tatu wa shahada ya sheria katika chuo kimoja hapa Arusha. Kila Jumamosi mimi na wenzangu tunajitolea katika kliniki ya msaada wa kisheria inayofanyika kwenye chumba tulichoazimwa na ofisi ya kata moja nje kidogo ya jiji. Wanaokuja ni wengi kuliko viti tulivyo navyo: vijana wa gereji waliofukuzwa kazi bila barua, kina mama wanaodai matunzo ya watoto, wazee wenye migogoro ya mipaka. Sisi wanafunzi tunasikiliza, tunaandika maelezo na kupanga nyaraka, kisha wakili anayetusimamia hupitia majalada na kutoa ushauri. Wakili huyo ana kesi zake mahakamani, na zipo Jumamosi ambazo hafiki kabisa, hivyo tunabaki wenyewe na watu wanaotuita mawakili ingawa huwa tunawaeleza kwamba sisi bado ni wanafunzi.

Miezi michache iliyopita nilimpokea mama mmoja mjane. Alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa, ndani yake mkiwa na cheti cha kifo cha mumewe na nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo wenye alama ya dole gumba lake. Alinieleza kwamba aliweka dole hilo siku ya kumaliza matanga, baada ya kuambiwa kuwa karatasi ile ni orodha ya waliohudhuria. Baadaye shemeji yake aliuza sehemu ya shamba la marehemu, na asubuhi moja mama akakuta masale ya mpakani yameng'olewa, mahali pake pamesimikwa vigingi vya zege, na lori limemwaga mawe na mchanga katikati ya migomba yake. Niliandika maelezo hayo yote kwa mkono wangu, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayelishughulikia jalada lake.

Jumapili moja tulialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa baba yangu mdogo. Alikuwa na furaha sana, akatoa simu na kutuonyesha picha za kiwanja alichonunua. Niliviona vigingi vya zege na migomba, na nilipomuuliza amenunua kwa nani, akataja jina la yule shemeji. Sikumaliza chakula. Baba mdogo ndiye anayenilipia sehemu ya ada ambayo mkopo wa serikali haukuifikia, na hajui kwamba mnunuzi anayelalamikiwa katika daftari langu ni yeye. Mama naye hajui kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake mtu huyo, kwa sababu majina yetu ya mwisho hayafanani.

Sasa mama hunipigia simu karibu kila jioni. Ameitwa Baraza la Kata na anataka niende naye nikamsemee, kwa kuwa yeye, kwa maneno yake, hajui kuzungumza mbele za watu. Jumamosi iliyopita alifungua pindo la khanga, akanipa shilingi elfu kumi, akasema ni nauli yangu ya kwenda barazani. Nilikataa, akaona kama namdharau, nikaipokea. Bado ninayo.

Nilipomweleza mwenzangu mmoja wa kliniki, alisema nisijisumbue, kwani masharti ya mgongano wa maslahi ni ya mawakili na sisi si mawakili. Rafiki mwingine ananishauri nimdokeze baba mdogo asimamishe ujenzi kabla hajamaliza fedha zake, maana huenda na yeye ametapeliwa. Nikiliacha jalada ninaogopa mama atadhani nimemtupa, na nikiendelea nalo sina amani. Naomba unielekeze.

Mwanafunzi wa Sheria, Arusha

*

Marahaba, binti yangu.

Kabla sijajibu, nianze na barua yako yenyewe. Ilivyonifikia ilikuwa na jina la kata, jina la kwanza la mama huyo, idadi ya watoto wake na mwezi aliofiwa na mumewe. Nimeyaondoa hayo yote na kubadilisha mambo mengine kadhaa, kiasi kwamba hata wahusika wakiisoma safu hii hawatajitambua. Sikulaumu, kwa kuwa mtu anayetafuta msaada hueleza kila kitu ili aeleweke. Lakini mama yule alikueleza wewe ndani ya chumba cha kliniki, na hakukupa ruhusa ya kunieleza mimi, wala mwenzako uliyemsimulia, wala rafiki huyo mwingine. Kwa hesabu yangu tayari tumekuwa watatu. Tuishie hapo.

Jalada uliache, na uliache wiki hii. Ninajua unajiamini kwamba unaweza kutenda haki, na pengine ni kweli, ila swali linaloulizwa katika jambo hili halihusu wema wa moyo wako. Mtu anayesaidiwa na ndugu wa mpinzani wake hana namna ya kupima kama ushauri anaopewa ni mzima au umepunguzwa makali, na asipoelezwa uhusiano huo hana hata nafasi ya kujiuliza. Zaidi ya hapo, wewe mwenyewe hutajua. Leo unaweza kulegeza neno katika maelezo yake kwa kumwonea huruma anayekulipia ada, na kesho ukaongeza ukali usiohitajika ili ujithibitishie kwamba hupendelei. Nimewaona mawakili wa miaka mingi wakianguka upande huu wa pili, na unadhuru vilevile, kwa sababu mteja anasukumwa kwenye ugomvi ambao huenda ungemalizwa kwa usuluhishi.

Hoja ya mwenzako kwamba masharti hayo hayawahusu ninyi kwa sababu si mawakili inavutia kwa wepesi wake, na ndiyo maana ni ya hatari. Wanafunzi wa sheria kutoa msaada kwa wananchi si jambo jipya nchini. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na kabla muongo huo haujaisha tayari kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayotaka watoa huduma hii wasajiliwe na kufuata utaratibu, na mwananchi anapoingia kwenye kliniki yenu anaingia chini ya dari hiyo. Anachokuambia hakuambii kama mtoto wa fulani, anakiambia kliniki, na siri hiyo ni ya kliniki. Kutokuwa wakili, basi, hakukupunguzii wajibu hata kidogo. Kunakupunguzia mamlaka tu: Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamzuia asiye na sifa kufanya kazi ya wakili, na inamwadhibu anayeandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Mwambie mwenzako aisome kabla hajatoa ushauri mwingine.

Namna ya kujitoa ni nyepesi kuliko unavyofikiri. Msimamizi wenu umwambie kwa maandishi kwamba umegundua una undugu wa karibu na mtu wa upande wa pili katika jalada hilo, na kwamba kuanzia sasa hutaligusa. Hahitaji habari za chakula cha Jumapili wala za ada. Mama naye lazima aambiwe, na aambiwe ukweli: kwamba mnunuzi ni ndugu yako, kwamba hukulijua hilo ulipompokea, na kwamba hujamweleza ndugu huyo neno lolote. Ningependa msimamizi ndiye azungumze, nawe ukiwa umeketi pale, ili mama akuone usoni na aweze kukuuliza. Huenda akakasirika. Ana haki, na usijitetee kwa maneno mengi.

Kuna swali ambalo hukuniuliza, nalo ni iwapo mwanafunzi mwingine wa kliniki hiyohiyo anaweza kulichukua jalada. Katika ofisi kubwa yenye mawakili wengi jambo hilo huweza kupangwa, lakini kliniki yenu, kama ilivyo nyingi, ina kabati moja, kundi moja la WhatsApp na wanafunzi wanaolala hosteli moja. Mimi ningeshauri mama, akikubali, apelekwe kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Arusha hakukosi: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi hapa, Chama cha Wanasheria Tanganyika kina mawakili wake wa mkoa huu, na wasajili wasaidizi wa watoa msaada wa kisheria ngazi ya mkoa na wilaya wanajua ni nani aliyesajiliwa katika eneo lenu. Kumpeleka kusiwe kumwandikia jina la ofisi kwenye kipande cha karatasi. Mtu wa kliniki apige simu kwanza, ahakikishe atapokelewa, kisha amsindikize.

Sasa nizungumzie baba mdogo, maana naona ndipo moyo wako ulipokwama. Rafiki yako anataka umdokeze, na anasema hivyo kwa nia njema, kwa sababu mtu aliyenunua ardhi kwa asiye na uwezo wa kuiuza naye ni mwathirika na kila tofali analoongeza ni fedha inayozama. Pamoja na hayo, usimdokeze. Unachokijua hukukisikia barabarani. Umekipata kwa mama aliyekifungua kwako akiamini kwamba hakitavuka mlango, na ukikitumia kumwokoa ndugu yako umechukua mali ya mtu mmoja ukampa mwingine, hata kama huyo mwingine ni mtu mwema. Tena fikiria kitakachotokea kesho yake: baba mdogo atampigia simu muuzaji kumuuliza, muuzaji atajua kwamba mjane ametafuta msaada, na pengine atapata mashahidi wa ukoo kabla mama hajapata hata mtu wa kumsomea ule muhtasari kwa sauti. Neno moja la huruma lililosemwa mezani linaweza kumfikisha mama barazani akiwa ameshashindwa.

Baba mdogo ataupata wito kwa njia ya kawaida, kama kila mtu. Siku hiyo akikujia kwa kuwa wewe ndiye mwanasheria wa familia, mwambie kwa heshima kwamba hili huwezi kumshauri na kwamba atafute wakili wake mapema. Unaweza kumwambia hivyo bila kumpa sababu. Akija kugundua baadaye kwamba ulikuwa unajua, atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Mjibu kwamba lilikuwa jambo la mteja na hukuwa na ruhusa ya kulisema. Sikuahidi kwamba ataridhika, wala sikuahidi kwamba ada itaendelea kulipwa kwa uso uleule. Kwa hiyo usisubiri hadi hapo: Bodi ya Mikopo huwa na dirisha la rufaa kwa wasioridhika na kiwango walichopangiwa, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu inapaswa kukusaidia kuandaa vielelezo. Fanya hivyo sasa, kimyakimya.

Kuhusu Baraza la Kata, hata usingekuwa na undugu na mtu yeyote katika shauri hili, jibu langu lingekuwa kwamba usiende kumsemea. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilipoyaweka mabaraza haya katika ngazi za migogoro ya ardhi ilimfungia mlango wakili, ikaliruhusu baraza kumkubali ndugu au mtu wa nyumbani mwa mdaawa, yaani mtu mwenye shauri, kumwakilisha, iwapo mdaawa mwenyewe ataomba. Mantiki yake ilikuwa kwamba pale ni mahali pa majirani kuelewana. Kama wakili wenu mwenyewe asingeingia pale, mwanafunzi wake angeingia kwa kofia gani? Mwenye nafasi ya kusimama na mama huyo ni mwanawe mkubwa, kama anaye na kama baraza litaridhia. Isitoshe, tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, wala haliamui tena nani mwenye ardhi. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila kufikiwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako wakili anaweza kusimama na ambako mama anaweza kuomba zuio la muda dhidi ya ujenzi. Wananchi wengi bado huenda kata wakidhani wanakwenda kuhukumiwa, ndiyo maana wanaogopa kuzungumza, na ndiyo maana wengine huweka dole kwenye makubaliano wasiyoyaelewa ili yaishe. Mama yule ameshaweka dole mara moja kwenye karatasi asiyosomewa. Yeyote atakayelipokea jalada lake alijue hilo kuliko jambo lingine lolote, na amwandae kwa kumsikiliza akisimulia habari yake mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka aone kwamba kuisema mbele ya watu hakuhitaji maneno ya kisheria.

Juu ya haki ya nani katika shamba lenyewe sitasema mengi, kwa kuwa ungeweza kuyatumia maneno yangu kuliendesha jalada ambalo nimekuambia uliache. Nitasema tu lile ambalo kila msomaji wa safu hii anapaswa kulijua, hasa huku kwetu ambako ukoo una sauti kubwa katika vihamba na mashamba: kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama. Muhtasari wa ukoo peke yake, hata ukiwa na mihuri ya kitongoji na saini za wazee wote, haumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Wanaonunua viwanja kwa kuonyeshwa muhtasari tu wangejiokoa na mengi kama wangeomba kwanza kuona barua ya usimamizi iliyotolewa na mahakama.

Ile elfu kumi irudi. Usiirudishe wewe kwa mkono wako njiani, kwani hapatakuwa na ushahidi na mama ataona aibu ileile. Ikabidhi kwa msimamizi, iandikwe kwenye daftari la kliniki, na arudishiwe siku ya mazungumzo pamoja na maelezo kwamba huduma hii haina malipo kwa jina lolote, iwe nauli, soda au ahsante. Ninafahamu uzito wa kukataa kitu kilichotoka kwenye pindo la khanga ya mtu mzima. Kama siku nyingine mteja ataleta mkungu wa ndizi na kuuweka mezani kwa wote, mle wote hadharani na maisha yaendelee. Sina ugomvi na ndizi. Fedha ni jambo jingine, na fedha iliyopokelewa na mmoja faraghani ni jambo jingine zaidi. Hali kadhalika simu za jioni: kliniki iwe na namba yake, ipokelewe kwa zamu, na namba zenu binafsi zisitoke. Mteja anayezungumza na mtu mmoja tu usiku humtegemea mtu huyo, na mtu huyo akiugua, akifanya mitihani au, kama ilivyo kwako, akilazimika kujitoa, mteja hubaki bila chochote.

Naona pia kwamba mengi ya haya yangeonekana mapema kama msimamizi wenu angekuwepo. Sitaki kumhukumu wakili nisiyemsikia, na ninajua kujitolea kuna gharama kwa anayeishi kwa kesi. Hata hivyo, kliniki ambayo wanafunzi wanabaki wenyewe Jumamosi nzima ipunguze shughuli siku hizo: mpokee watu, mwandike maelezo, mtoe elimu ya jumla, na ushauri usubiri. Kuna mambo ambayo hayasubiri, na hayo myajue kwa moyo. Aliyefukuzwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufungua mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo yule kijana wa gereji asiambiwe arudi wakili akipatikana. Aelekezwe Tume siku hiyohiyo. Na katika fomu ya kumpokea mteja ongezeni swali moja litakaloulizwa kabla hajaanza kusimulia: majina ya watu wote wa upande wa pili, pamoja na wanunuzi kama wapo na wanajulikana. Majina hayo yapitiwe na kila mwanafunzi wa zamu, na wewe ungelijua lako ukiwa bado hujaandika hata mstari.

Makabidhiano yafanyike kabla ya siku ya baraza. Andika karatasi moja inayosema ni nyaraka zipi zimo katika jalada, mama ameitwa wapi na lini, na ni jambo gani hujamuuliza bado, likiwemo lile la kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Usiandike maoni yako kuhusu nani mkweli, wala lolote ulilolisikia au kuliona nyumbani kwa baba mdogo, kwa sababu hayo nayo si ya jalada. Zile kurasa za daftari lako zenye maelezo ya mama usizipige picha wala kuzinakili. Zitoe zote, ziingizwe kwenye jalada mbele ya msimamizi, naye atie saini kwamba amezipokea.